Silinda Isiyo na Madirisha

Pikipiki ya kaka yangu haina mahali pa maana pa kukalia. Ina kipande chembamba cha ngozi juu ya fremu, basi, na ukikikalia kutoka hapa hadi barabarani utajuta. Wateja walipokuwa wakiiona imeegemea ukuta nyuma ya duka langu hapa Kambu, waliniuliza kama ni ya mtoto au kama kuna mtu aliyeiba kiti, nami niliwajibu vibaya kwa sababu nilikuwa nimechoka kueleza. Acha nieleze mara hii moja. Ni pikipiki ya kupandia mawe. Ilitengenezwa Ulaya kabla sijaanza shule, kwa ajili ya mchezo usio na mbio. Unapita juu ya miamba na magogo polepole kuliko mtu anayetembea, umesimama wima juu ya vikanyagio, na kazi yako yote ni kutogusa chini. Ukigusa chini kwa mguu umekosa, na anayeshinda ni yule aliyekosa mara chache kuliko wenzake.

Kaka yangu ni kifungua mimba wa mama yetu na mimi ni kitinda mimba. Nilipokuwa bado naogeshwa kwenye karai, yeye alikuwa ameajiriwa na mzungu mmoja mtafuta madini aliyezunguka Kitui nzima akigonga mawe kwa nyundo. Kaka alikuwa mbebaji wa mifuko ya mawe. Jumapili mzungu huyo hakwenda kanisani. Alitoa pikipiki yake kwenye lori akaenda kupanda nayo miamba, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kushindana naye, akamfundisha mbebaji wake. Alipomaliza kazi yake akarudi kwao, akaiacha pikipiki kwetu Makueni, chini ya paa la ghala la mahindi.

Nyuma ya boma letu kuna mwamba. Si mlima, ni jiwe moja kubwa lenye mgongo, na upande mmoja una ngazi ngazi za asili ambazo hata mbuzi huzifikiria kwanza. Kaka alikuwa akiupanda mwamba huo kila Jumapili baada ya ibada, na watu wakitoka kanisani walipitia kwetu wakiwa bado na Biblia mkononi. Mama alikuwa akijifunika leso usoni asione, halafu anauliza, "Amefika?" Mchungaji alisema ni majivuno, na labda yalikuwa majivuno. Lakini nilikuwa pale, na ninasema nilichokiona: sikuwahi kumwona kaka yangu akigusa chini.

Mimi ndiye niliyejifunza kuifungua. Yeye aliijua kwa miguu, mimi nikaijua kwa mikono. Kila ilipokufa tuliifufua pamoja, nikiwa nimeitandaza yote juu ya turubai na yeye ameketi kando akinitania kwamba nitasahau nati moja. Injini yake si kama za boda boda. Injini ya boda boda hupumua kwa valvu zilizo juu, kichwani. Hii, ambayo mafundi huiita two-stroke, haina valvu hata moja. Inapumua kupitia mashimo yaliyokatwa ubavuni mwa silinda, ambayo mimi na kaka tumeyaita madirisha miaka yote: pistoni ikishuka huyafungua, ikipanda huyafunga, na hapo ndipo hewa na petroli huingia na moshi hutoka. Mtu asiyezijua injini hizi akichungulia ndani ya silinda hiyo ataona tundu tundu tu. Zamani kila fundi alizijua. Siku hizi waliozijua wamezeeka au wameenda, na zinazopita barabarani zote ni za valvu.

Mara ya mwisho ilipokufa ilikuwa imekula pistoni. Kipande kilimeguka, kikakwaruza ukuta wa silinda, na tukaiweka kando nyuma ya duka langu tukisema tutaitafutia nyingine. Tulisema hivyo kwa miaka. Mimi nilikuwa na duka la kuendesha, na kaka alikuwa ameanza kuugua sukari.

Sukari haikumwangusha kwa kishindo. Ilimla polepole. Alikonda, macho yakapungua nguvu, akaanza kutembea na fimbo huku akitazama chini kila hatua, nasi tukadhani ni uzee. Kisha akapata kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Hakujua kilitoka wapi. Mke wake, wifi yangu, alikiona alipokuwa akimfulia soksi, akakuta damu. Kidole kikawa cheusi. Tulimpeleka hospitali, na daktari, kijana mpole aliyezungumza akimtazama machoni, akamwambia kidole kikatwe wiki hiyo hiyo, kwa sababu kikiachwa ungefuata mguu, na mguu ukiachwa angefuata yeye mwenyewe.

Kaka alimshukuru, akavaa kiatu chake, akatoka. Ndani ya gari alisema neno moja tu, "Hapana."

Tulimwomba. Mchungaji alikuja na wazee wa kanisa, wakaomba, wakamsomea. Watoto wake walipiga simu kutoka Nairobi na Mombasa, wa kwanza akilia na wa pili akifoka. Mimi nilifoka kuliko wote, kwa maana ndiyo tabia yangu, na nikifoka duka zima la jirani hunyamaza. Hakuna kilichomwingia. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba, mguu juu ya kigoda, akitazama mwamba.

Halafu siku moja mchana, nikimkatia kucha za mikono, alizungumza bila kuulizwa.

"Mwiitu wa asa," akaniita, binti wa baba, jina analoniitia akiwa hana mzaha. "Tengeneza hiyo pikipiki. Ikiwaka, nisimame juu yake mara moja, nipande hapo kwa mwamba, nikishuka nitaenda wakate hiyo kitu yao."

"Unasema kweli?"

"Mimi nimekudanganya lini?"

"Na isipowaka?"

"Si wewe uko na duka ya spea? Itakosa aje kuwaka?"

Nilifurahi. Leo nikikumbuka nilivyofurahi naona haya, lakini siku hiyo nilimkimbilia wifi jikoni nikamwambia amekubali. Wifi alikuwa akipepeta pojo. Aliuweka ungo chini.

"Amekubali nini? Amesema atakatwa pikipiki ikiwaka. Sasa uhai wa mume wangu uko kwa pikipiki." Akauchukua ungo wake tena, akanipa mgongo.

Sijui mtu mwingine angefanya nini. Hilo ndilo neno pekee la kukubali alilotupa, na lilikuwa limefungwa kwenye chuma kibovu, nami nililishika hivyo hivyo.

Duka langu linauza cheni, sproketi, kebo za klachi, plagi, tyubu, vioo na pistoni za kila saizi zimepangwa kwenye maboksi hadi darini. Mwenye boda boda akisimama mlangoni na injini iliyokufa, anaondoka ikiwa inanguruma kabla chai yangu haijapoa. Na katika duka hilo lote hapakuwa na hata skrubu moja inayoingia kwenye pikipiki ya kaka yangu. Nilijaribu. Nilipima kila pistoni niliyokuwa nayo, nikijua kabisa kwamba haitaingia, nikaipima tena. Jirani yangu anayeuza nyanya aliniuliza kama nimeibiwa, maana nilikuwa nimeshusha maboksi yote nikayapanga sakafuni.

Madereva wa malori ya mifugo hupumzika Kambu wakielekea Mombasa, nami niliwaambia wote. Nilionyesha picha ya pikipiki kwa kila dereva aliyenunua soda kwenye duka la jirani. Mmoja wao akaniambia ameona kitu kama hicho Zombe, kwa mfanyabiashara wa mbuzi, na baada ya muda akanitumia picha kwa simu. Mbuzi alikuwa amesimama mbele, lakini nyuma ya mbuzi niliona tangi. Ile rangi nyekundu niliijua. Nilifunga duka.

Kutoka Kambu hadi Zombe ni kuzunguka hasa. Unaenda Kibwezi, unavuka mto Athi, unapita Mutomo, unaingia Kitui mjini, kisha unaelekea mashariki mpaka vumbi likuzoee. Nilifika siku ya soko. Mwenye mbuzi alikuwa Mwislamu wa kutoka kaskazini mashariki, mzee mtaratibu mwenye ndevu zilizopakwa hina, na aliponiona nimesimama kwenye geti lake nikitweta, jambo la kwanza alilofanya ni kuniletea kiti.

"Karibu mama, keti kwanza. Safari ni mbali."

"Nimekuja kuona pikipiki."

"Pikipiki?" Akafikiri. "Unasema mlango ya mbuzi?"

Ndivyo ilivyokuwa. Boma lile lilikuwa la mzungu mwingine wa zamani, na mzee alipolikodi alikuta pikipiki kwenye majani. Fremu, tangi na magurudumu yote mawili vilikuwa vimefungwa kwa waya na miiba, vikawa lango la zizi. Niliinama kutafuta injini. Palikuwa na shimo, na ndani ya shimo kuku amelala.

"Injini iko wapi, mzee?"

"Injini alichukua ule mtu ya vyuma. Zamani kidogo. Ile ni aluminiamu safi, mama, wanayeyusha wanatengeneza sufuria." Aliuona uso wangu. "Wallahi, ningejua kuna mtu anatafuta, ningekuwekea."

Mke wake alikuwa ametuchemshia chai ya maziwa. Sufuria ilikuwa nene, nzito, ya zile za kuyeyushwa pale pale sokoni, na mzee aliitazama, nami nikaitazama. Chai ilikuwa tamu sana, nami nilikasirika kwamba ilikuwa tamu. Waliniondolea gurudumu la mbele kwa hiari yao wenyewe, mbuzi wakatoroka, tukashinda tukiwakimbiza sokoni mimi na yeye na watu wa mitumba. Nilirudi Kambu na gurudumu ambalo sikulihitaji.

Kaka aliuliza kwa simu, "Imepatikana?"

"Bado kidogo," nikamwambia.

Baada ya hapo niliingia kwenye mitandao ya watu wanaozipenda pikipiki hizi. Wako wengi, wazee wa Ulaya wenye mabanda safi kuliko sebule yangu, na wanajibu kwa adabu. Niliandika kwa lugha yangu, simu ikatafsiri, wakajibu kwa yao. Mmoja alikuwa na pistoni. Moja tu, na ilikuwa kubwa kidogo kuliko ya mwanzo, kwa hiyo alinieleza kwamba silinda itabidi ichongwe ndani kidogo ili iipokee, kazi ya kawaida, alisema, fundi yeyote ataijua. Akaituma.

Sasa tukawa tunangojea kifurushi. Sijawahi kuwa mtu wa kungojea. Kifurushi kiliingia nchini kikalala, kila nilipopiga simu niliambiwa kiko njiani kwenda mahali pengine, na wakati huo weusi ulikuwa umetoka kwenye kidole ukapanda mgongo wa mguu. Wifi alikuwa akimwosha kwa maji ya chumvi na kumfunga vitambaa safi, lakini harufu ilikuwa imeanza. Watu wa kanisa walipokuja kuomba walikaa karibu na mlango. Kaka aliona, akajitia hamnazo, akawasimulia habari za mvua.

Nilimwambia twende hospitali kifurushi kikiwa njiani, wakate, halafu nitaitengeneza akiwa anapona. Nilipiga magoti, mimi ambaye sipigi magoti hata kanisani bila kunung'unika.

"Tulikubaliana," akasema.

"Kaka, utakufa."

"Tulikubaliana aje?"

"Ikiwaka."

"Ehe."

Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira ningepata pa kuanzia. Alizungumza kama mtu aliyeshika upande wake wa makubaliano na anashangaa mwenzake anachelewa.

Pistoni ilifika. Niliifungua juu ya kaunta, ikang'aa, na ringi, zile pete za kuizunguka, zimefungwa kwa karatasi ya mafuta. Nililia mbele ya mteja. Siku hiyo hiyo nilichukua silinda, kipande cha juu cha injini na pistoni nikaenda Kwa Vonza, kwa sababu huko kuna karakana ya mzee mmoja anayechonga silinda za mashine za posho na matrekta ya zamani, na kwa simu alikuwa ameniambia, "Two-stroke? Lete, mama, hizo ndizo nilianza nazo." Maneno hayo yalinipa usingizi.

Nilipofika, mzee hakuwepo. Alikuwa amefiwa na mkwe wake, ameenda mazishi. Nilimkuta msaidizi wake, mtu mzima wa makamo, shemasi wa kanisa, ovaroli yake imepigwa pasi. Alinisikiliza vizuri. Nilimwambia silinda ichongwe ilingane na pistoni hii, basi, asiguse kitu kingine. Aliipima pistoni mbele yangu kwa kifaa chake, akaandika kwa chaki juu ya meza. Nilitaka kukaa nione mpaka mwisho. Simu ikalia, ni wifi: kaka amepandwa na joto, anatetemeka, anazungumza na mama ambaye tulimzika zamani. Nikaviacha vitu nikakimbia.

Joto lilishuka kwa dawa alizoleta muuguzi wa zahanati. Kaka aliponiona kitandani kwake alisema, "Wewe unafanya nini hapa? Si uko na kazi?" Kwa hiyo nikarudi Kwa Vonza.

Shemasi aliniletea silinda ikiwa imefungwa kwa kitambaa cheupe. Aliifungua taratibu, akitabasamu.

"Mama, umshukuru Mungu sikuichonga hivyo tu. Hii silinda ilikuwa imetoboka. Huku, huku, na huku, mashimo mashimo ndani. Moto ingetoroka yote, na hizo ringi zingeshika kwa shimo zivunjike. Nimekuwekea sleeve mpya. Ndiyo hii nimechonga saizi ya pistoni yako. Angalia."

Niliangalia. Slivu ni bomba la chuma linaloshindiliwa ndani ya silinda iliyochakaa ili iwe na ukuta mpya. Ukuta ule mpya ulikuwa laini, mviringo kamili, unang'aa hadi nikauona uso wangu. Alichukua pistoni akaishusha ndani, ikateremka polepole kwa uzito wake yenyewe, jinsi inavyotakiwa. Hakukuwa na dirisha hata moja.

"Itapumulia wapi?" nikauliza.

"Si kwa valvu?"

"Haina valvu."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Alikichukua kile kipande cha juu cha injini nilichokuwa nimekiacha naye, akakigeuza, akatafuta valvu mahali zinapokaa valvu. Akakigeuza tena. Alichungulia silinda kwa nje, akaona zile njia za hewa na moshi zinaingia ubavuni na kuishia kwenye ukuta aliouweka yeye. Nilimwona akielewa. Alivua kofia.

"Hizo mashimo zilikuwa za kazi?"

Mimi ni mtu wa kufoka. Nilikuwa na maneno ya kumwangusha mtu yule, na nilikuwa na haki. Nikaipokea silinda badala yake. Maisha yake yote kila silinda ya pikipiki aliyoletewa ilikuwa na kuta nzima, na yenye shimo ilikuwa mbovu. Ameona ugonjwa, akatibu. Na ametibu kwa moyo wote, hata jambo ambalo hakuagizwa.

"Mama," akasema, "na nilifanya vizuri." Hakuwa anajitetea. Alikuwa anauliza.

"Ulifanya vizuri sana," nikamwambia, na ilikuwa kweli.

Mzee mwenye karakana aliporudi kutoka mazishini alijaribu kuyafungua madirisha upya, akitoboa kwa keekee kutoka nje na kusawazisha kwa tupa. Yalifunguka mawili. Alipofika kwenye la tatu slivu ikapasuka, na ufa ukapita hadi kwenye silinda yenyewe. Alinipigia simu akanieleza bila kuzungusha maneno. Nilimwandikia yule mzee wa Ulaya. Akajibu kwamba silinda hana, kwamba ataulizia wenzake, kwamba inaweza kuchukua muda mrefu, na kwamba ananiombea subira. Niliisoma tafsiri hiyo nikaifuta.

Niliifunga pikipiki yote, na ile silinda iliyopasuka ndani yake. Sijui kwa nini. Nadhani sikutaka kaka aione ikiwa na pengo katikati. Nilikaza kila nati, nikapangusa tangi, nikaipakia kwenye pikapu ya mwenye nyanya, nikaipeleka nyumbani, pikapu ikarudi Kambu, nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni, kutoka kwa shemasi hadi ufa.

"Ameziba madirisha?" akauliza.

"Yote."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka wifi akaja na maji. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kidole kile kibadilike rangi.

"Na ilikuwa kazi safi?"

"Ukijiangalia unajiona."

"Aiya!" Akapangusa macho. "Basi nitoeni nje nikae juu yake hata kama imekufa."

Wifi alisema hapana. Alisema hapana mara nyingi, huku akimtafutia kofia. Tuliiweka pikipiki uani, nikaikaza chini ya injini kwa magogo mawili isiyumbe, mbele yake ukiwa mwamba. Wifi alimshika upande wa kushoto, mimi kulia, tukampandisha. Hakuwa mzito tena. Mikono yake ilizipata hendeli bila yeye kuzitafuta, na mgongo wake ukanyooka nikamwona kaka yangu wa zamani, yule wa Jumapili.

"Nataka kusimama," akasema.

Alikuwa akitazama mbele, juu, kwenye ngazi za mwamba. Anayepanda mawe hatazami miguu yake. Mguu wa kushoto ulisimama kwenye kikanyagio chake. Wa kulia, uliofungwa vitambaa, uliteleza nyuma ukaning'inia, vidole vimekunjamana kwenye gogo.

"Mguu uko juu?" akaniuliza.

"Bado. Ngoja."

Nilipiga magoti mavumbini nikaushika. Niliuinua nikauweka juu ya kikanyagio, lakini haukujishikilia, kwa hiyo nikaubana hapo kwa mikono yangu yote miwili, nikaukaza na chuma mpaka vidole vyangu vikauma. Nilikuwa naogopa namwumiza.

"Shika basi," akasema, macho yakiwa kwenye mwamba. "Nimesema unishikie mguu. Mbona hushiki?"

Nilizidi kuubana. Wifi upande wa pili alikuwa ametuona, akageuza uso. Kaka alingoja, kisha akainamisha kichwa polepole akatazama chini. Aliiona mikono yangu. Aliitazama sana, kama mtu anayesoma kitu kirefu, akautazama na mguu uliokuwa ndani yake, halafu akaketi juu ya kile kipande cha ngozi.

"Iteni gari, nipelekwe hospitali," akasema.

Wifi akakimbilia simu. Alikuwa ameishiwa nguvu za kujisaidia, nasi hatukuweza kumshusha wawili tu, kwa hiyo alibaki pale juu, na mimi pale chini, tukingojea. Sikuuachia ule mguu mpaka gari lilipofika, na muda wote huo yeye hakujua kama nimeushika au nimeuacha.